Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aambiwe kipi kinatangulia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo hunifikia dirishani kila mwaka kuanzia Septemba hadi Novemba. Nina duka dogo la steshenari nje ya geti la chuo kikuu kimoja hapa Morogoro, mji wenye vyuo vikuu zaidi ya kimoja, na kazi yangu ni kutoa kopi, kuchapa, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Katika miezi hiyo magazeti, likiwamo lako, hujaa habari za idadi ya waliodahiliwa na mabilioni yaliyotengwa kwa ajili ya mikopo, na ni habari njema. Lakini kijana anayeshuka stendi ya mabasi ya Msamvu akiwa na shangazi kaja, ndoo na godoro lililofungwa kwa kamba hana haja na mabilioni. Anataka kujua usiku huu atalala wapi, kesho aanzie ofisi ipi, na fedha alizopewa na mama yake zitamfikisha tarehe ngapi.

Si kwamba vijana hawa hawajaelezwa kitu. Kila mmoja ana fomu ya maelekezo ya kujiunga, ambayo nimeichapa mara nyingi mno hata nakaribia kuijua kwa kichwa. Fomu hiyo inataja ada, michango, vyeti halisi, picha za pasipoti, uchunguzi wa afya unaopaswa kugongwa muhuri hospitalini, na hata mavazi yasiyoruhusiwa. Vyote hivyo vinahitajika. Kinachokosekana ni mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinasubiri kingine, na kati ya kimoja na kingine zinapita siku ngapi. Fomu imeandikwa kana kwamba mambo yote hufanyika asubuhi moja, tena kwa Kiingereza cha ofisini, wakati mzazi anayetakiwa kuuza mahindi ili apate fedha hizo anasomewa na mtoto ambaye naye hajaielewa.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazowaliza. Mwaka juzi alifika dirishani kijana kutoka mkoa wa Kigoma, mpole, shati limechomekewa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Alikuwa amepangiwa mkopo mzuri, ada yote pamoja na fedha za kujikimu, na kwa sababu hiyo nyumbani walimpa nauli na shilingi 180,000 wakiamini kwamba akishafika chuoni yuko mikononi mwa Serikali. Siku hiyo hiyo alilipa michango ya chuo ambayo haimo katika mkopo, akalipa shilingi 20,000 za Tume ya Vyuo Vikuu, akalipa bima ya afya ambayo kwa wanafunzi imekuwa kwa miaka mingi shilingi 50,400, akanunua godoro jembamba, na jioni akabaki na shilingi zisizofika 30,000. Akaniuliza kwa adabu: "Samahani kaka, bumu linatoka kesho au Jumatatu?"

Bumu, kwa wasomaji ambao hawakupita vyuoni, ni fedha za chakula na malazi ambazo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humlipa mwanafunzi mwenyewe, tofauti na ada ambayo Bodi huipeleka chuoni moja kwa moja. Halikutoka kesho wala Jumatatu. Bodi haimlipi mtu ambaye chuo hakijathibitisha kwamba amefika na kusajiliwa, na chuo hakimsajili mtu ambaye hajalipa michango na kuonyesha vyeti vyake. Majina yakishatumwa na orodha ikarudi, mwanafunzi husaini kwa alama ya kidole au kupitia simu yake, ndipo fedha ziingie katika akaunti ya benki, ambayo nayo inatakiwa iwe na majina yale yale yaliyomo kwenye maombi ya mkopo. Kila hatua katika hizo ina sababu yake, na mimi sizilaumu; zamani wakati wa kusaini makaratasi tulisikia habari za wanafunzi hewa. Lakini hatua hizo zikijumlishwa zinakula wiki, na wiki hizo kijana anakula nini?

Yule wa Kigoma alisubiri wiki nne na siku kadhaa. Alilala kwa kubebana, yaani alihifadhiwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye kitanda cha mtu mmoja, mmoja kichwa huku na mwingine kule, jambo ambalo sheria za hosteli zinalikataza na ambalo kila mtu wa hosteli analijua. Mchana alikuwa anakuja dukani kuuliza kama bumu limetoka, kana kwamba mimi ni mhasibu wa Bodi, na nilipogundua kwamba anakuja saa ile mke wangu anapoleta chakula, tukaanza kuongeza sahani. Sisemi hivi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu mwaka uliofuata walikuja wengine watatu wenye hesabu ile ile, na sahani zangu haziwezi kuwa mfumo wa mapokezi wa elimu ya juu.

Kiwango cha sasa cha chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kilichopandishwa kutoka 8,500, na hulipwa kwa mafungu ya takribani siku 60, hivyo aliyepangiwa kiwango kamili hupokea shilingi 600,000 kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata laki mbili zake mwenyewe, hizo ni fedha nyingi, na wiki hiyo wauza simu wa mjini hufanya biashara nzuri kuliko mimi. Lakini zipigiwe hesabu. Aliyekosa hosteli akapata chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita, anatoa 300,000 papo hapo. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Zimebaki 250,000 za kula siku 60 zote, zaidi kidogo ya shilingi 4,000 kwa siku, kabla hajanunua ndoo, jiko la gesi au daftari. Nina hakika wazazi wengi wanaosoma barua hii hawajawahi kuonyeshwa hesabu hiyo, na kama wangeonyeshwa mwezi Julai wangejipanga kwa namna nyingine. Ushauri wangu, ambao nautoa kwa kila anayeniuliza, ni kwamba hata mwenye mkopo kamili aondoke nyumbani na fedha ya chakula ya wiki sita, mbali na michango na mbali na kodi. Aliye na uwezo mdogo zaidi ya huo aombe hosteli ya chuo siku ile ile mfumo wa maombi unapofunguliwa, maana vitanda huisha kabla ya wiki ya kwanza ya masomo haijafika.

Jambo la pili ni neno lenyewe "mkopo". Baba mmoja alinipigia simu kutoka Singida, namba yangu ameipata kwenye risiti ya kopi, akiwa na hasira kwamba mwanawe amepata mkopo na bado chuo kinamdai ada. Nikamwomba amwambie binti afungue akaunti yake katika mfumo wa Bodi mbele yangu, tukakuta amepangiwa fedha za chakula na malazi pamoja na sehemu tu ya ada. Bodi hupima uhitaji, kisha hugawa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa ambavyo ni shilingi 200,000 kwa mwaka, mafunzo kwa vitendo na mengineyo, na mtu anaweza kupata fungu hili kamili na lile nusu. Yote hayo yameandikwa kwa shilingi katika akaunti ya mwanafunzi tangu siku ya tangazo. Mzee yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe walituambia amepata, hawakutuambia amepata ngapi." Aliyeona fungu lake ni dogo ana nafasi ya kukata rufaa pale dirisha la rufaa linapofunguliwa, kwa kuambatisha vielelezo ambavyo hakuviweka mwanzo, kama vile cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Dirisha hilo halikai wazi muda mrefu, na wengi hulijua limeshafungwa.

Hapo tunafika kwenye majina, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayopaswa kutangulia kuliko vyote, hata kabla ya mtihani wa kidato cha sita. Mwaka jana binti mmoja aliweka vyeti viwili juu ya meza yangu. Cha kuzaliwa kilisema Khadija. Cha kidato cha nne kilisema Hadija. Mwandikishaji wa shule ya msingi, miaka zaidi ya kumi iliyopita, aliandika jina kama lilivyomfikia sikioni, na hakuna aliyeona tatizo hadi siku hiyo. Sasa ilibidi atafute wakili wa kumwandalia kiapo cha majina, atume upya nyaraka, arekebishe na akaunti ya benki iliyokwisha kufunguliwa kwa jina la tatu lililochukuliwa kwenye kitambulisho cha Taifa. Alikuwa anakifuta kile cheti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayeondoa vumbi. Mwalimu yeyote wa kidato cha tano akitenga kipindi kimoja tu, kila mwanafunzi aweke cheti cha kuzaliwa kando ya cheti cha kidato cha nne na asome herufi kwa herufi, atakuwa amewaokoa wengi. Kuhakiki cheti RITA na kurekebisha jina ni kazi ya mwezi Machi. Ikiachwa hadi Oktoba inakuwa ugonjwa.

Kuhusu simu na barua pepe nina la kukiri, Mhariri, kwa kuwa kosa hili ni la kazi yetu sisi wenye steshenari. Vijana wengi humaliza kidato cha sita mwezi Mei, kisha huenda katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, ambayo yalirejeshwa mwaka 2013, na wakati matokeo yanatoka mwezi Julai na vyuo vinaanza kupokea maombi, wengine bado wako kambini. Maombi yao hujazwa na kaka, na shangazi, au na sisi. Nasi kwa haraka ya foleni tumekuwa tukiweka namba zetu za simu, tukifungua barua pepe kwa nywila moja tunayoitumia kwa wateja wote, na kuzisahau. Baadaye kijana amechaguliwa na vyuo viwili, Tume inamtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyoandikisha, na simu hiyo ni yangu, tena laini niliyoipoteza kwenye daladala ya Kihonda. Hilo lilinitokea mwaka 2021. Yule kijana nilihangaika naye siku mbili ofisini hadi akasaidiwa, na tangu hapo sijazi fomu ya mtu bila namba na barua pepe yake mwenyewe, na nywila anaiandika yeye kwenye daftari lake. Mzazi anayekwenda steshenari ahakikishe hivyo. Akikuta tunaleta haraka zetu, atukatalie.

Nimeulizwa pia maswali ya masomo yenyewe, ingawa mimi si mhadhiri. Nilisoma shahada yangu hapa hapa nchini na nilipita kwa taabu. Swali la kawaida ni kama mwaka wa kwanza "unahesabika". Katika vyuo vyetu vingi unahesabika sana: alama zake zinaingia katika wastani wa mwisho, ule wa kipimo cha pointi 5 ambao daraja la kwanza linaanzia 4.4, na mtu aliyeuchezea mwaka wa kwanza hupanda mlima katika miaka miwili iliyobaki. Vilevile mtihani wa mwisho wa muhula si kila kitu kama ulivyokuwa mtihani wa Taifa. Katika utaratibu uliozoeleka alama 40 hukusanywa njiani, kwa majaribio, kazi za vikundi na mazoezi, na 60 ndizo za mtihani. Huyu anayengoja bumu kwa wiki nne, anayehama geto hadi geto na kusimama foleni za ofisi, anapoteza zile 40 wakati huo huo, na ndiyo maana nasema suala la fedha na suala la masomo ni moja. Sijui kama wakuu wa vyuo hulitazama hivyo. Kijana niliyemtaja wa Kigoma alirudia mitihani ya masomo mawili, au kama wasemavyo wenyewe, "alipata sapu mbili", na yote mawili yalikuwa na majaribio katika wiki zile za sahani.

Kompyuta mpakato si lazima siku ya kwanza, isipokuwa kwa kozi ambayo chuo kimesema hivyo kwa maandishi. Simu nzuri na maabara ya kompyuta ya chuo humfikisha mtu mbali katika muhula wa kwanza, na anayeharakisha kununua kitu cha bei nafuu mtaani mara nyingi huniletea mimi nikizime na kukiwasha. Kuhusu kubadilisha kozi au kuhama chuo, upo muda maalumu uliowekwa baada ya masomo kuanza, nao hupita upesi. Aliyekatishwa tamaa na kozi yake asingoje Krismasi ili aende kuulizia.

Matapeli nao hawalali. Hupiga simu wakijua jina la mtu na kozi aliyopangiwa, wakidai wako "ofisi ya mikopo" na kwamba kwa shilingi 50,000 wataongeza asilimia. Alama ya kuwatambua ni moja. Malipo halali ya vyuo vya umma na ya taasisi hizi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo sote tunaiita kontrol namba, inayotoka ndani ya mfumo. Hayafanyiki kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe na sauti ya upole kiasi gani.

Ninachoomba si kikubwa. Vyuo vyetu viongeze karatasi moja ya Kiswahili mbele ya fomu ya maelekezo ya kujiunga, ikionyesha kwa mpangilio: hiki kwanza, hiki baada ya siku ngapi, hiki hakitafanyika kabla ya kile, na fedha hizi zitalipwa na mzazi kabla ya fedha zile kutoka Bodi. Karatasi hiyo itumwe pamoja na barua ya udahili, si siku ya kufungua chuo. Pili, kwa mwanafunzi ambaye jina lake limeshatokea kwenye orodha ya Bodi, chuo kimruhusu asajiliwe akiwa amelipa sehemu tu ya michango, na kiasi kilichobaki akilipe bumu likitoka. Nasikia baadhi ya vyuo hufanya hivyo kwa mwenye kuandika barua na kusubiri, lakini mgeni hajui kwamba kuna barua ya kuandikwa. Watakaosema kwamba vijana watakula bumu na kukimbia deni nawaambia hawatakwenda mbali, kwa sababu mwenye deni hapewi matokeo yake.

Na kwako, Mhariri, naomba gazeti litenge ukurasa mmoja mwezi Julai, mara tu matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, ambao Bodi, Tume na RITA wataulizwa maswali haya moja baada ya jingine na majibu yao yachapwe kama walivyoyatoa, pamoja na tarehe. Mwezi Oktoba mtu anayesoma gazeti lako akiwa kwenye basi la kuja Msamvu ameshachelewa.

Mimi nimeandika karatasi yangu kwa mkono na kuibandika mlangoni mwa duka, ina mistari kumi na minne, na mstari wa kwanza unasema: "Soma majina yako kwenye vyeti vyote kabla ya kuniuliza lolote." Wanafunzi wameipiga picha kwa simu hadi kona zake zimechakaa. Anayepita akitaka nakala nitamtolea bure, anunue kalamu asinunue.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye steshenari,
Morogoro